Gesi ya Palma na Fedha Inayoungua

Kilomita 50 hivi kutoka ufukwe wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, mahali ambapo kina cha bahari kinafika mita 2,000, imetia nanga meli isiyokwenda popote. Inaitwa Coral Sul. Ina urefu wa mita 432, iliundwa Korea Kusini, ikafika maji ya jimbo la Cabo Delgado Januari 2022. Kazi yake ni kuvuta gesi kutoka chini ya sakafu ya bahari, kuipoza hadi nyuzi 162 chini ya sifuri igeuke kimiminika, kisha kuipakia kwenye meli nyingine ambazo ndizo zinazosafiri. Shehena ya kwanza iliondoka Novemba 2022. Mnunuzi ni mmoja, kampuni ya BP ya Uingereza, na mkataba wake ni wa miaka 20.

Mazungumzo ya leo, msikilizaji, yatafika kwenye gesi hiyo kwa njia ya mzunguko kidogo. Yatapitia kwenye michezo ya kompyuta, ile ya vijana wanaokesha wakitawala nyota.

Mmoja wa michezo hiyo ni Stellaris, wa kampuni ya Paradox ya Uswidi, uliotoka Mei 2016. Mchezaji anapewa sayari moja na meli chache, halafu anaachiwa galaksi nzima: atafute nyota, ajenge vituo, apatane na majirani au apigane nao. Humo hamna noti wala dhahabu. Kwa miaka mingi fedha ya galaksi hiyo ilikuwa nishati. Vituo vinavyozunguka nyota vinaivuna. Migodi, viwanda na manowari zinaila mwezi hadi mwezi. Na aliyepungukiwa na madini au chakula alikwenda sokoni kununua kwa nishati hiyohiyo. Soko lenyewe lina ushuru mkali, asilimia 30 mwanzoni. Akiba ikiisha, adhabu zinaanza: uzalishaji unashuka, ngao za manowari zinadhoofika, na jirani aliyekuwa akitabasamu anaanza kupima mpaka.

Waliobuni kanuni hiyo walikuwa na hoja. Dhahabu inathaminiwa na wanadamu kwa sababu wanadamu wamekubaliana kuithamini. Kiumbe wa nyota nyingine hakuwepo kwenye makubaliano hayo. Nishati ni jambo jingine. Hakuna taa, injini wala tumbo linalofanya kazi bila hiyo, popote ulimwenguni. Mnajimu wa Kisovieti Nikolai Kardashev, alipotaka mwaka 1964 kupanga madaraja ya ustaarabu wa viumbe wa mbali, hakuuliza wana mali kiasi gani. Aliuliza wanatumia nishati kiasi gani.

Na kabla ya michezo na kabla ya Kardashev, tajiri wa magari Henry Ford alikwisha kulisema jambo hilo. Desemba 1921, akiwa anautaka mradi wa umeme wa maji wa Muscle Shoals huko Alabama, alipendekeza Marekani iachane na dhahabu na itoe fedha inayotegemea nguvu za umeme. Miaka ya 1930 kikundi cha Wateknokrasia chini ya Howard Scott kilikwenda mbali zaidi: kila raia apewe vyeti vya nishati, avitumie ndani ya muda maalumu, asiweze kuviweka akiba wala kumpa mwenzake. Mpango wa Ford ulikwama, na vyeti vya Scott havikuwahi kutumika kununulia hata mkate.

Kasoro iko wapi? Bao linaonyesha haraka. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na tangu mwanzo hadi mwisho kete ni hizo hizo 64. Zinahama, zinatekwa, zinarundikana upande mmoja, lakini hakuna inayoteketea. Fedha ndivyo ilivyo: metikali aliyolipwa mchuuzi wa samaki katika mji wa Mocímboa da Praia asubuhi ni ile ile atakayomlipa mwenye unga jioni, na kesho yake iko mkononi mwa mtu wa tatu. Nishati haina tabia hiyo. Ikitumika imeisha, moto uliopikia wali wa jana haukodishwi leo. Ndani ya Stellaris, nishati inayolipwa kwa matunzo ya manowari haiingii mfukoni mwa fundi yeyote. Inafutika tu kwenye daftari la kompyuta. Mchezo ulibandika pamoja vitu viwili, kinachoungua na kinachozunguka, na ulibandika kwa ustadi kiasi kwamba mchezaji hakuona mshono.

Kaskazini ya Cabo Delgado ni mahali ambapo mshono huo unaonekana kwa macho.

Kampuni ya Anadarko ya Marekani ilipata gesi katika bonde la Rovuma mwaka 2010, Eni ya Italia ikafuata mwaka 2011, na makadirio yakapanda hadi zaidi ya futi za ujazo trilioni 100. Kwa hesabu ya mchezo wa nyota, Msumbiji ilikuwa imetajirika siku hiyo: takwimu ya kijani juu ya skrini ingeruka na kila kitu kingewezekana. Kwa hesabu ya Palma, ilikuwa imepata kitu kilicholala chini ya maji marefu, ambacho hakuna mtu wa Palma angeweza kukishika, kukihifadhi wala kumpa mtu mwingine. Ili kigeuke fedha kilihitaji chombo cha mabilioni ya dola. Kilihitaji ubaridi unaoisinyaza gesi mara 600, na ubaridi huo nao unakula karibu sehemu moja ya kumi ya gesi yenyewe. Kilihitaji meli, bima, na mkataba ulioandikwa kwa dola. Gesi inaunguzwa katika jiko au mtambo wa nchi ya mbali. Dola inabaki hai, inazunguka, lakini inaanza mzunguko wake kwenye benki za huko huko.

Pwani hii ya Waswahili imewahi kutoa fedha za watu wengine kabla ya leo. Katikati ya miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg, kwanza Hertz na baadaye O'Swald, waligundua kwamba kauri zilizookotwa kwenye miamba ya Afrika Mashariki wakati wa maji kupwa, na kuuzwa Zanzibar kwa bei ndogo, zilikuwa fedha kamili huko Lagos na pwani ya Afrika Magharibi. Wakazipakia kwa shehena. Aliyeziokota alilipwa kama mtu aliyeuza makombe. Aliyezifikisha Lagos alikuwa ameshika fedha. Ziliingia nyingi mno hadi thamani ya kauri ikaporomoka, na hasara ikawaangukia waliokuwa wameweka akiba zao humo.

Kuna jambo moja ambalo mchezo haumruhusu mchezaji kulifanya, nalo nchi zinalifanya bila shida: kutumia nishati ambayo bado haijachimbwa. Mwaka 2013 na 2014 kampuni tatu za serikali ya Msumbiji, ProIndicus, EMATUM na MAM, zilikopa takriban dola bilioni 2 kutoka Credit Suisse na benki ya VTB ya Urusi, kwa dhamana ya serikali. Maelezo yalikuwa boti za kuvua jodari, ulinzi wa pwani na gati za matengenezo. Sehemu kubwa ya mikopo hiyo ilifichwa bunge na wafadhili hadi mwaka 2016, ilipofichuka. Wafadhili wakasitisha misaada ya bajeti na metikali ikaanguka. Wakopeshaji waliitoa fedha hiyo wakijua nchi ina gesi, na matumaini ya gesi ndiyo yaliyoifanya nchi maskini ionekane mdaiwa mzuri. Novemba 2018, katika mazungumzo ya kupanga upya deni la jodari, kulikuwa hata na pendekezo kwamba wenye hati wapewe asilimia 5 ya mapato ya baadaye ya gesi ya Rovuma hadi kiwango cha dola milioni 500. Pendekezo hilo liliachwa mwaka uliofuata. Aliyekuwa waziri wa fedha, Manuel Chang, alitiwa hatiani New York Agosti 2024, na Januari 2025 akahukumiwa kifungo cha miaka minane na nusu.

Tazama mpangilio wa tarehe. Deni lilianza kuchukuliwa 2013. Shehena ya kwanza ya gesi iliondoka 2022. Kwa miaka tisa nchi ilikuwa ikitumia, na kulipia, nishati iliyokuwa bado imelala mahali pake.

Wachezaji wazoefu wa michezo hii watasema, na hapo wana haki, kwamba somo lake kubwa ni matunzo, yaani gharama ya kukaa na kitu hata usipokitumia. Kujenga ni rahisi. Kila ulichojenga kinadai chakula chake kila mwezi, na himaya nyingi za galaksi zimeanguka kwa kujenga kuliko uwezo wa kulisha. Kwenye rasi ya Afungi, kusini kidogo ya mji wa Palma, hesabu ya matunzo ilikuwa ya namna yake. Mradi wa nchi kavu, ambao Total ya Ufaransa iliuchukua Septemba 2019, ulikuwa wa dola bilioni 20. Kijiji cha Quitupo kilihamishwa kupisha ujenzi, na makazi mapya ya Quitunda yakajengwa. Wakati huo vita vilikuwa vimeshaanza: Oktoba 5, 2017 wapiganaji waasi walishambulia vituo vya polisi Mocímboa da Praia, na Agosti 2020 waliuteka mji huo na bandari yake. Machi 24, 2021 walifika Palma. Mwezi mmoja baadaye, Aprili 26, Total ilitangaza kwamba imezidiwa na hali isiyo ya uwezo wake, na kazi zikasimama.

Wanajeshi wa Rwanda waliwasili Julai 2021, na kikosi cha nchi za SADC kikaingia mwezi huo huo. Mocímboa ikarudi mikononi mwa serikali mwezi Agosti. Ulinzi nao una mlipaji: Desemba 2022 Umoja wa Ulaya uliidhinisha euro milioni 20 kwa ajili ya kikosi cha Rwanda. Total, ambayo sasa inaitwa TotalEnergies, iliondoa tangazo lake Novemba 2025, baada ya kuieleza serikali kwamba kusimama kwa miaka minne kumeongeza gharama za mradi kwa dola bilioni 4.5 na kuomba ikubalike hivyo. Gharama zikikubaliwa hurudishwa kwanza kutoka kwenye gesi, kabla ya mgao wa faida. Nchi inaweza basi kulipia siku za ukimya wa mitambo kama inavyolipia siku za kazi. Familia zilizokimbia hazina sehemu kwenye karatasi hiyo ya hesabu, ingawa wakati vita vilipokuwa vikali jimbo lilikuwa na wakimbizi wa ndani wanaokaribia milioni moja.

Sasa tushuke kutoka kwenye mabilioni hadi kwenye mita ya umeme ukutani.

Msumbiji ina nishati inayolipiwa kabla ya kutumika. Shirika la umeme, EDM, linaiuza kwa jina la Credelec: unalipa, unapewa tarakimu 20, unazibonyeza kwenye mita, taa zinawaka. Ng'ambo ya mto Ruvuma Watanzania wanaita luku, na Wakenya wanasema tokeni. Ukitazama juujuu utadhani ndoto ya Ford na ya waunda michezo imetimia, kwamba mwananchi ana salio la nishati. Lakini jaribu kununulia samaki kwa Credelec. Tarakimu zimefungwa kwenye mita moja. Jirani hawezi kuzitumia, EDM hainunui zilizobaki, na nyaya zikikatika salio ni namba tu. Kituo cha kupozea umeme cha Awasse kilipoharibiwa vitani, wilaya za kaskazini, Palma na Mocímboa zikiwemo, ziliishi gizani muda mrefu, na hakuna salio lolote ambalo lingewasha hata balbu moja.

Linganisha na vocha ya simu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walioko Uingereza waliona kuwa watu wa Uganda, Ghana na Botswana walikuwa wameanza wenyewe, bila ruhusa ya kampuni, kutumiana salio la simu kama fedha: mtu wa mjini ananunua vocha, anasoma namba kwa simu, na mwenye duka kijijini anaichukua na kutoa noti. Watafiti hao walikwenda kwa mCel, kampuni ya simu ya Msumbiji, na mwaka 2004 mCel ikaruhusu rasmi wateja kuhamishiana salio. Miaka mitatu baadaye, Machi 2007, Safaricom ilizindua M-Pesa Kenya. Vodacom iliileta Msumbiji mwaka 2013. Leo mtu hununua Credelec kwa M-Pesa, wala hakuna anayenunua M-Pesa kwa Credelec.

Vocha na umeme vyote vinaisha vinapotumika. Tofauti ni kwamba vocha iliweza kupita mikono mitano kabla ya kuisha, ikagawanyika vipande vidogo, na kila mtu njiani alijua wa mbele yake ataipokea. Hiyo ndiyo sifa iliyoipa vocha hadhi ya fedha, na gesi ya Rovuma haina sifa hiyo kwa mtu yeyote anayeishi mbele yake.

Mashariki ya Kongo kuna watu waliojaribu kuipa nishati miguu ya kutembea. Mbuga ya Virunga, Kivu Kaskazini, ilijenga mitambo midogo ya umeme wa maji ili kuwapa wakazi nuru na ajira. Mwaka 2020 utalii ulikuwa umekufa, kwa vita na kwa Korona, na mtambo wa Luviro ulikuwa na umeme uliokosa nyaya za kuufikisha kwa wateja. Mkurugenzi wa mbuga, Emmanuel de Merode, akaweka kompyuta kwenye makontena kando ya mtambo, zikaanza kuchimba bitikoini. Maji ya mto yakageuka fedha ya mtandaoni, na fedha hiyo ikasaidia kulipa mishahara. Ni mfano wa karibu kabisa na Stellaris unaopatikana katika nchi za Waswahili. Wapo wanaoukosoa, wakisema umeme wa masikini haufai kuunguzwa kwenye kamari ya matajiri, na ukosoaji huo una uzito bei ya bitikoini inapoanguka. Hata hivyo mbuga ilikuwa na kitu ambacho Palma haina: mtambo ulikuwa wake, na uamuzi wa umeme uende wapi ulifanyika palepale penye maji.

Uamuzi wa aina hiyo ndio uliowatoa barabarani watu wa Mtwara, kusini mwa Tanzania. Waliandamana Desemba 2012, na Mei 2013 ghasia zikazuka mjini, watu wakipinga bomba la kupeleka gesi ya Mnazi Bay Dar es Salaam. Kauli yao ilikuwa fupi: gesi haitoki. Jeshi liliingia, bomba likajengwa, na mwaka 2015 gesi ikatoka. Wakubwa walilieleza jambo hilo kama ujinga wa watu wasioelewa uchumi wa taifa. Ukilitazama kwa macho ya mazungumzo haya, watu wa Mtwara walielewa vizuri sana kwamba mahali nishati inapounguzwa ndipo viwanda na vibarua vinapofuata, na kwamba mgao unaoahidiwa kwa fedha hupita kwanza kwa wengi.

Msumbiji nayo ina migao kwenye sheria. Tangu mwaka 2013 asilimia 2.75 ya kodi ya uzalishaji wa madini na gesi inatengwa kwa jamii za maeneo yanayochimbwa. Mfuko wa taifa wa mapato ya gesi, uliopitishwa bungeni Desemba 2023, unachukua asilimia 40 kwa miaka 15 ya kwanza, na asilimia 60 inakwenda kwenye bajeti. Ni mpango wenye akili, kwa kuwa unakubali kwamba gesi ikiisha kuungua kitakachobaki kuzunguka ni fedha tu, na fedha hiyo lazima iwe na pa kukaa.

Hata waunda Stellaris wamebadili mawazo. Katika toleo lililotoka Mei 2025 walitenganisha vitu viwili walivyokuwa wamevibandika: nishati ikabaki kuwa chakula cha mitambo na manowari, na soko likahamia kwenye rasilimali nyingine, biashara. Baadhi ya wachezaji walilalamika kwamba hesabu zao za miaka tisa zimevurugika.

Kwa Palma, hesabu iliyobaki ni ya gesi ya matumizi ya ndani. Januari 2017 serikali ilichagua kampuni tatu zitakazopewa gesi ya Rovuma itumike nchini: Yara ya Norwei kwa mbolea, Shell kwa mafuta ya magari, na GL Africa Energy kwa mtambo wa umeme wa megawati 250 huko Nacala, jimbo la Nampula. Hakuna hata mradi mmoja uliojengwa, kwa sababu gesi ya mradi wa nchi kavu yenyewe haijafika Afungi. Coral Norte, chombo cha pili cha baharini kilichoidhinishwa Oktoba 2025, nacho kimebuniwa kupakia kule kule majini. Kwa hiyo mitambo ya Afungi itakapowashwa, yako maswali ya kuwauliza wakubwa wa Maputo na wa Paris kabla dola ya kwanza haijahesabiwa: futi ngapi za gesi zitabaki nchini, kwa bei gani, na waya wa kwanza utavutwa kuelekea wapi, Nacala au Palma.